Kangomba ya PCB: mizani ni sahihi, wizi umefanyika shambani

Leo nawaomba tuongelee jambo ambalo sisi wa magazeti huliandika mara moja kwa mwaka, siku majina yanapotoka, kisha tunalisahau mpaka mwaka unaofuata. Nani anachaguliwa kusoma sayansi kidato cha tano, na kwa vigezo gani? Najua wengi wenu mmeshavuka huko, mna digrii zenu na mnakaa mjini. Lakini mna wadogo zenu kijijini. Mie wa kwangu wako Lukuledi, wilayani Masasi, na ndiyo maana jambo hili linanikera.

Tuanze na habari njema. Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 za kidato cha tano. Zilizokuwapo zilikuwa 16, kwa hiyo sasa jumla ni 65, na zilianza kutumika Julai mwaka huo huo. Tahasusi ndiyo ile tuliyozoea kuiita kombi: PCM, PCB, CBG, EGM, HGL, HKL na nduguze. Zimepangwa katika makundi saba: sayansi, sayansi ya jamii, lugha, biashara, michezo, sanaa na elimu ya dini. Tulipokuwa shule sisi, orodha nzima uliweza kuihesabu kwa vidole vya mikono na miguu na vingine vikabaki. Leo mtoto anaweza kukaa na karatasi mchana kutwa anachagua.

Ni jambo zuri, silipingi hata kidogo. Swali langu ni moja tu: huyo mtoto aliyeko Lukuledi, katika hizo 65, ni ngapi ambazo ni zake kweli?

Haya, twende taratibu. Tuangalie kwanza vigezo vyenyewe, maana wazazi wengi hawavijui na hata baadhi ya wanafunzi huvijua wakati umeshapita.

Alama za kidato cha nne ziko hivi. A ni kuanzia 75, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na chini ya 30 ni F. Kila alama ina pointi zake: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Pointi zikiwa chache ndiyo heri. Kwa vigezo vilivyotumika miaka ya karibuni, anayetaka kwenda kidato cha tano katika shule ya serikali lazima awe na angalau masomo matatu yenye C au zaidi, masomo ya dini hayahesabiwi. Kisha masomo matatu ya tahasusi anayoitaka yakijumlishwa yasizidi pointi 10, na pasiwe na F hata moja ndani yake.

Piga hesabu sasa. C tatu ni pointi 9, umepita. C mbili na D moja ni pointi 10, umepita kwa kukwangua. C moja na D mbili ni pointi 11, umebaki nje. Na tofauti ya C na D ni alama moja tu, 45 na 44. Mtoto mmoja anakwenda kusoma PCB na pengine kuwa daktari, mwenzake aliyekaa naye dawati moja anakwenda kwingine, kwa sababu ya alama moja ya Kemia.

Mtu atasema, mstari lazima upite mahali fulani. Kweli kabisa. Mimi sina ugomvi na mstari. Kigezo cha pointi 10 ni kimoja kwa nchi nzima. Hakiulizi kabila wala dini, hakiulizi baba yako ni nani. Ukiutazama kama mizani, hauna hila.

Hapo ndipo ninapotaka kuwakumbusha watu wa kusini kitu wanachokijua kuliko mimi. Korosho.

Kwa wasomaji wa Dar na Arusha ambao hamjawahi kuuza korosho: tangu 2007 mkoani Mtwara tuna mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka korosho zake chama cha msingi, zinapimwa kwa mizani, zinakwenda ghala kuu, zinauzwa kwa mnada. Mizani ya ghalani inakaguliwa. Lakini kuna kitu kinaitwa kangomba. Msimu haujafika, mkulima hana hela ya chakula, mtoto anaumwa, ndipo anatokea mtu na bakuli au kopo lake. Anazinunua zile korosho palepale nyumbani, kwa kipimo chake mwenyewe na bei yake mwenyewe. Msimu ukifika, korosho zile zile zinapita kwenye mizani ya ghalani bila kosa lolote. Ukikagua mizani utaikuta safi. Mkulima ameshaibiwa zamani, shambani kwake, kabla mizani haijaziona.

Basi mtoto wa sekondari ya kata anafanyiwa kangomba. Tunakagua mizani ya kidato cha tano kila mwaka, tunajadili vigezo, tunaongeza tahasusi. Wizi unafanyika kidato cha pili.

Nieleze. Kwa mtaala uliotumika takribani miaka ishirini, na ambao unaondolewa kwa awamu tangu 2024, Fizikia na Kemia ni lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili tu. Baada ya hapo yanakuwa masomo ya hiari. Biolojia na Hisabati zinabaki lazima kwa wote, lakini Fizikia na Kemia mtoto anaweza kuziacha akiingia kidato cha tatu. Ndiyo pale shule inapogawanyika: huu mchepuo wa sayansi, huu wa sanaa, huu wa biashara. Mtoto ana miaka kumi na tano hivi.

Neno hiari ni zuri likiwa na maana yake. Hiari ni pale ambapo mwalimu wa Fizikia yupo, maabara ipo, kitabu kipo, mtoto ameonja miaka miwili halafu anasema, hapana, moyo wangu uko kwenye Historia. Hiyo ndiyo hiari. Lakini shule isiyo na mwalimu wa Fizikia, au yenye mwalimu mmoja anayefundisha Fizikia, Hisabati na Kemia kidato cha kwanza mpaka cha nne, hiari iko wapi hapo? Mtoto anaacha kitu ambacho hakuwahi kupewa.

Mie mwenyewe ni mtu wa HKL. Shule niliyosoma, sitaitaja, ilipofika mwisho wa kidato cha pili tuliambiwa mstarini kwamba kidato cha tatu hakutakuwa na mchepuo wa sayansi, mwalimu hayupo, anayetaka sayansi ahame. Ahamie wapi, na kwa nauli ya nani? Wawili walihama, wana wajomba zao mjini. Sisi tulioendelea kubaki tuliandikwa wote kwamba tumechagua sanaa. Nakipenda Kiswahili na naipenda kazi yangu ya uandishi. Lakini darasani mwetu walikuwamo watu waliokuwa wakipiga hesabu kama wanakunywa maji, na leo hakuna karatasi yoyote katika nchi hii inayoonyesha kwamba walinyimwa. Karatasi zinasema walichagua.

Na mlango unaofungwa hapo haufunguki kirahisi. Angalieni wenyewe. Kusomea udaktari wa binadamu chuo kikuu, unatakiwa uwe umefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia kidato cha sita. Zote tatu. Aliyesoma CBG, hata akipata A tatu, hana Fizikia, kwa hiyo mlango huo hauingii. Haya, tuseme hatutaki makubwa, tunataka kuwa tabibu wa zahanati tu, stashahada ya utabibu. Huko nako wanaangalia cheti cha kidato cha nne na wanataka ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia. Kwa hiyo yule aliyeambiwa mstarini akiwa na miaka kumi na tano kwamba hakuna mchepuo wa sayansi, siku hiyo hiyo aliambiwa pia kwamba hatakuwa daktari, hatakuwa tabibu, hatakuwa mhandisi. Ila hakuna aliyemwambia kwa maneno hayo. Anakuja kugundua miaka miwili baadaye, akiwa ameshika fomu.

Sasa wale wanaobahatika kubaki na sayansi mpaka mwisho nao wanafanyiwa kangomba ya pili. Hii ni ya maabara.

Mtihani wa kidato cha nne wa Fizikia, Kemia au Biolojia una karatasi ya nadharia yenye alama 100 na ya vitendo yenye alama 50. Yaani vitendo ni theluthi nzima ya mtihani. Tuweke pembeni alama za maendeleo, tuangalie mtihani peke yake. Mtoto amekesha na kibatari, nadharia amepata 60 kwa 100, jambo ambalo si dogo kwa asiye na mwalimu wa kutosha. Akiingia chumba cha vitendo hajawahi kushika bureti maishani mwake, hajui asidi inaongezwa tone kwa tone, akatoka na sifuri. Jumla ana 60 kwa 150, sawa na asilimia 40. Hiyo ni D. Mwenzake mwenye nadharia ile ile ya 60, ila kwao kuna maabara na amezoea, akipata vitendo 20 tu kati ya 50, ana 80 kwa 150. Hiyo ni asilimia 53, ni C. Rudini kule juu kwenye hesabu ya pointi 10 muone D na C zinafanya nini.

Akili ni ile ile. Kilichotofautiana ni bureti.

Serikali hailijui hili? Inalijua sana. Wanaokumbuka, Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata ijenge maabara tatu, ya Fizikia, ya Kemia na ya Biolojia. Mwisho ulikuwa Novemba 2014, ukasogezwa hadi Juni 2015. Nchi nzima ilichangishwa. Watendaji wa vijiji walilala macho, wananchi walitoa mchanga, mawe, kuku na korosho. Majengo yakasimama. Lakini jengo lenye meza ya zege na bomba lisilotoa maji ni chumba tu. Maabara ni kemikali, vifaa, maji na umeme au gesi. Zaidi ya yote ni mtu anayejua kuvitumia.

Na kwa upande wa watu, historia yetu inachekesha na kuliza. Shule za kata zilipoota kama uyoga katikati ya miaka ya 2000, walimu hawakutosha, tukawachukua waliomaliza kidato cha sita, tukawapa mafunzo ya wiki chache na kuwapeleka darasani. Wananchi hawakosi jina, wakawaita Vodafasta, kama vocha ya simu ya haraka haraka. Mwaka 2005 wizara iliamua Fizikia na Kemia ziunganishwe ziwe somo moja, uamuzi ukaja kufutwa. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka na takribani 60 katika kila 100 wakawa na sifuri, tukaunda tume. Baadaye tukaanzisha stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati pale Chuo Kikuu cha Dodoma, dawa ya tatizo hili hili hasa. Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa programu hiyo wakarudishwa makwao. Mjadala ukawa kama walikuwa na sifa za kuwapo chuo kikuu au la. Darasa la Fizikia kule kijijini ambalo lilikuwa likiwasubiri halikuwa na mtu wa kulisemea.

Sisemi kwamba hakuna kilichofanyika. Ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne ilifutwa kuanzia 2016, na ya kidato cha tano na sita ikafutwa 2022. Upo ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri zaidi sayansi kidato cha sita, unawasomesha chuo kikuu. Upo mradi wa SEQUIP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambao ndani yake umo mpango wa shule moja ya bweni ya wasichana ya sayansi kwa kila mkoa wa Bara, shule 26. Haya ni mambo makubwa na anayeyabeza ana lake. Lakini mtazame yanaanzia wapi. Ufadhili unaanzia kidato cha sita. Shule ya mkoa inachukua wachache walioonekana. Ni mambo ya mwisho wa safari, ghalani. Mimi nalia na shamba.

Sasa niwaambie kwa nini naandika habari hii na jina la Lukuledi na si jina la mahali pengine.

Wabenediktini walifika Lukuledi mwaka 1895, wakajenga misheni. Ilichomwa moto katika vita vya Majimaji 1905, ndipo kikaja kituo cha Ndanda. Masasi penyewe Waanglikana wa UMCA walifika 1876, enzi za Askofu Steere, yule yule aliyehangaika na sarufi ya Kiswahili. Kwa hiyo shule si kitu kigeni kwetu. Babu zetu walisoma chini ya miembe wakati sehemu nyingi za nchi hii hazijamwona mwalimu. Ndanda, Chidya na Masasi Wasichana ni majina ambayo yamesomesha watu wa nchi nzima.

Tena nchi nzima ndiyo neno lenyewe. Kidato cha tano cha serikali ni cha kitaifa. Mtoto wa Mwanza anapangiwa Ndanda, wa Masasi anapangiwa Tabora. Hilo ni jema, linatujenga kuwa taifa moja. Ila lina maana kwamba kuwa jirani na Ndanda hakumsaidii mtoto wa Lukuledi chochote. Anaweza kupita nje ya uzio wa shule yenye maabara kila wiki akiwa kwenye gari la mnadani, na wanaoingia humo wakawa wametoka Dar es Salaam kwenye shule zenye bureti tangu kidato cha kwanza. Wamefaulu kihalali. Sina kinyongo nao.

Lakini tazama kazi zilizotuzunguka. Hospitali ya Mkomaindo na ile ya Ndanda zinahitaji madaktari na wauguzi, na kila anayepangiwa kusini anayetoka mbali anahesabu siku za kuhama. Marehemu Rais Mkapa, mtoto wa Lupaso, taasisi yake iliyoanzishwa 2006 ilifanya kazi ya kupeleka watumishi wa afya kwenye wilaya za pembezoni, kwa kuwa ilionekana hawaendi wenyewe. Mtumishi wa uhakika wa zahanati ya kijijini ni yule ambaye mama yake anaishi kijijini hapo.

Mkorosho nao. Kila msimu wazee wetu wanapuliza salfa dhidi ya ubwiri unga. Wanaipuliza kwa uzoefu, kwa kuangalia upepo, kwa kuuliza jirani. Ile ni Kemia na Biolojia shambani, na utafiti wake unafanyika Naliendele, mkoani kwetu. Panda juu Newala, uwanda wa Makonde hauna mito, maji yanasukumwa kwa pampu kutoka bondeni Mitema mpaka juu. Mwanamke wa Newala anayeshinda na ndoo siku pampu ikiharibika anaijua nguvu ya mvutano wa dunia kuliko wengi wenye digrii. Ile ni Fizikia. Na gesi ya Mnazi Bay, ambayo mwaka 2013 watu waliandamana na wengine wakafa, bomba likazinduliwa Oktoba 2015. Kelele ilikuwa moja: vijana wetu watapata nini? Swali halali. Lakini mhandisi wa gesi anatoka kwenye PCM, na PCM inatoka kwenye kidato cha pili chenye mwalimu wa Fizikia. Tulidai ajira barabarani, tukasahau kudai mwalimu. Kampuni ikisema haikuona mwenyeji mwenye sifa, tutambishia kwa nini?

Sasa nijibu hoja ambazo najua baadhi yenu mnazo mdomoni.

Kuna wanaosema si lazima kila mtu asome sayansi. Nakubali kwa mikono miwili. Mkapa huyo huyo alisoma Kiingereza Makerere, akamaliza 1962, akawa mhariri, kisha Rais. Mtu wa sanaa si mtu aliyeshindwa, na wale wanaotuita watu wa HKL vilaza wana matatizo yao. Lakini hoja yangu haihusu ubora wa sanaa. Inahusu kuchagua. Mtoto akienda sanaa kwa sababu anaipenda, tutapata mwandishi mzuri. Akienda kwa sababu mwalimu wa Fizikia hayupo, tutapata mtu mwenye huzuni ambaye hajui hata chanzo chake.

Wengine husema tushushe vigezo kwa watoto wa vijijini, pointi 10 ziwe 12. Hapa mimi sikubali. PCM haina huruma. Ukimwingiza mtoto mwenye D tatu, ya Hisabati ikiwamo, kwenye darasa la kidato cha tano lenye watu walioiva, umemsaidia wiki moja na kumtesa miaka miwili. Hata PCB inamtaka asome hesabu zile za BAM. Na Hisabati ndiyo kidonda chetu cha taifa, miaka nenda rudi wanaofaulu kidato cha nne ni kama robo ya watahiniwa au chini ya hapo. Kulegeza mizani hakurudishi korosho zilizoibwa.

Wapo pia wanaosema mtaala mpya umeshamaliza tatizo. Sera ya elimu toleo la 2023 imeleta mikondo miwili sekondari, wa jumla na wa amali, na amali ilianza na kidato cha kwanza Januari 2024. Napenda amali. Mtoto atoke na ufundi mkononi. Lakini tazameni vizuri: uchaguzi uliokuwa unafanyika mwisho wa kidato cha pili sasa unasogea mpaka mlangoni mwa kidato cha kwanza. Mtoto ametoka darasa la saba, amesoma sayansi kwa Kiswahili, anaingia kwenye Kiingereza, na hapo hapo anaulizwa atakuwa nani. Kadiri uchaguzi unavyokuja mapema ndivyo mtoto asiye na mtu wa kumweleza anavyopotea. Tatizo halijaisha, limesogea.

Basi tufanye nini? Mie si mtaalamu wa elimu, ni mwandishi wa habari, ila kuuliza maswali ndiyo kazi yangu. Nina mapendekezo manne, yote ya bei nafuu kuliko kuanzisha tahasusi ya 66.

La kwanza, pawe na mwiko. Shule yoyote isiruhusiwe kumwandika mwanafunzi kwamba amechagua kuacha Fizikia au Kemia kama shule hiyo haikuwa na mwalimu wa somo hilo. Iandikwe ukweli: hakupewa. Neno hilo likijaa kwenye ripoti za wilaya, mtu atalazimika kulijibu.

La pili, matokeo yanapotangazwa, zitangazwe pia idadi mbili kwa kila shule: walimu wa sayansi waliopo, na wanafunzi waliofanya mtihani wa Fizikia. Tunashangilia shule kumi bora kila mwaka. Tuone basi na shule ambazo hakuna hata mtoto mmoja aliyeketi kwenye karatasi ya Fizikia. Wanaohitaji kusemewa zaidi ni hao ambao hawamo kabisa kwenye takwimu za kufeli.

La tatu, maabara moja inayofanya kazi ni bora kuliko majengo tisa matupu. Kata tatu za jirani zikiungana, watoto wakapelekwa kwa zamu, siku za Jumamosi hata kwa baiskeli, watashika bureti kabla ya siku ya mtihani. Zile alama 20 za vitendo ndizo zinazogeuza D kuwa C.

La nne ni letu sisi. Vyeti vyetu tunavyovitundika ukutani havimsaidii mtu. Kila mwanakijiji mwenye digrii akienda likizo, aombe kwa mkuu wa shule saa moja tu na kidato cha pili. Awaeleze kombi ni nini, ipi inafungua mlango upi, kwamba CBG haiendi udaktari, kwamba bila Fizikia hata utabibu haupo. Hakuna bajeti inayohitajika. Mzazi wa Lukuledi anapomwambia mwanawe, «Mwanangu, soma uje kuwa daktari», hajui kwamba kuna mlango unafungwa Novemba ya kidato cha pili. Hakuna aliyemwambia.

Najua wapo watakaoniambia kwamba mtoto mwenye nia hupita popote. Ni kweli, wapo waliopita. Tunawafahamu, tunawapigia makofi kwenye mahafali. Lakini nchi haijengwi kwa kutegemea wale wachache wanaopenya kwenye tundu la sindano. Mkulima mmoja mjanja aliyekataa kangomba na kusubiri mnada ni hadithi nzuri, haiondoi ukweli kwamba wenzake kijiji kizima wameuza kwa bakuli.

Mwaka huu tena majina yatatoka. Watu watafungua mtandao wa TAMISEMI, watatafuta jina la mdogo wao, watashangilia au watanuna. Ukilikosa jina la mtoto wako kwenye PCB, usikimbilie kulaumu mizani, na usikimbilie kumlaumu mtoto. Muulize swali moja tu: kidato cha pili, nani alikuwa anakufundisha Fizikia?

Nawasilisha.